Kisu Chenye Mkia

Ukishuka mtumbwini Kindu, ulisikia tezo la Bulaimu kabla hujaiona nyumba ya kwanza. Alikuwa mchonga makasia. Miaka hiyo Waungwana, watu wa misafara ya biashara ya pwani, ndio waliokuwa na mji, mitumbwi yao ikipanda na kushuka Lualaba bila kupumzika, na kasia likivunjika hakuna safari. Umri wake siujui. Yeye mwenyewe hakuujua, na ukimwuliza alikutajia mafuriko.

Kila asubuhi, kabla hajagusa mti, alitandika mkeka na kumwaga visu vyake. Vilikuwa ishirini na saba. Kimoja cha Wasongola, mpini wake umezungushiwa waya wa shaba. Kingine cha Warega, kipana kama jani la tumbaku. Kingine kilitoka Kibombo, na ala yake ilikuwa ya ngozi ya kenge. Alivitazama kwa macho ya mtu ambaye usingizi haujamwachia, akachagua kimoja, akakitia kibindoni. Kesho yake kingine. Kuchonga hakuchonga navyo hata siku moja.

"Wenzako wanaoa bibi ine," mkewe Hadidja alimtania. "Weye umeoa visu, na bado unataka kuongeza!"

Lakini Hadidja alijua sababu, na mimi sioni haja ya kuificha. Bulaimu aliletwa Kindu amefungwa kamba shingoni, mtoto wa meno ya kwanza kung'oka. Watekaji walikichoma kijiji chao alfajiri. Jina la kijiji hakulishika. Lugha ya kwao ilimtoka kidogo kidogo, na jina alilopewa na mama likaenda nayo. Bulaimu walimwita huku. Kilichobaki ni kisu tu. Kilikuwa cha chuma kitupu, hakina mpini wa mti, na mwisho wake umejikunja kama mkia wa kinyonga.

Alikiona ndotoni. Kilikuwa mkononi mwa mama, kikipita polepole katika mwanga wa kijani chini ya migomba, na mama amegeuza uso upande, hageuki. Kando ya mama alikaa dada, mkubwa kuliko yeye, anaimba wimbo usio na maneno. Bulaimu alimpenda sana huyo dada. Kila alipoamka alijiambia: mama hayuko peke yake, dada alibaki naye. Hapo moyo ulitulia na kazi ikaendelea.

Basi ndiyo maana alivaa visu. Kindu ilikuwa njia ya watu wa kila upande, naye alitaraji siku moja mgeni atakitazama kibindo chake na kusema, hiki ni cha kwetu. Walisema kweli, wengi. Naye kila mmoja alimwuliza: kwenu kuna kisu chenye mkia, urefu wake kama huu? Akaunyosha mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Watu wakacheka. Huo ni upanga, Baba, wakamwambia, na upanga wenye mkia hatujauona. Ikapita miaka ishirini hivi.

Asubuhi moja Hadidja alimtuma ndizi. Mtoni kulikuwa na ukungu mzito, watu wanatoka ndani yake nusu nusu, kwanza mzigo, halafu kichwa. Mtumbwi ulikuwa umefika kutoka upande wa chini wa mto, na mwanamke mmoja wa Obokote, aliyejitambulisha kama Mama Kalume, alikuwa anapanga mikungu yake juu ya majani. Alikitupia jicho kibindo cha Bulaimu.

"Hiyo njo kisu ya Wasongola, Baba. Iko muzuri."

Bulaimu akauliza swali lake kwa mazoea tu, mkono ameunyosha. Mama Kalume hakucheka. Aliuangalia ule mkono.

"Ulikiona wapi?"

"Nyumbani, Mama. Nilikuwa mutoto."

"Sasa urefu wa mukono ya nani? Ya ule mutoto, ao ya huyu muntu mukubwa?"

Kila nikifika hapa nakasirika kwa niaba yake. Mtu anayepima miti kwa shibiri kutwa nzima, hajawahi kukosea kasia, kumbe kisu cha mama amekipima kwa mkono uliokuwa unakua! Bulaimu alisimama pale, mkono bado uko hewani, hajui auweke wapi.

Mama Kalume akafungua ncha ya kitambaa chake, akatoa kisu kidogo, kimezidi shibiri kidogo tu, chuma kitupu, mkia umejikunja. Hakumpa mkononi, maana kisu cha mkono kwa mkono huleta ugomvi. Alikilaza juu ya jani.

"Njo kisu ya wanamuke, ya kumenya ndizi. Kwetu kila mama iko nayo."

Bulaimu akakiokota, na mkia ukajivisha katika kidole chake cha mwisho. Akachukua ndizi mbichi. Nyumbani kwake hakuwahi kumenya hata moja, lakini mkono ulikata ncha hii, ukakata ile, ukaigeuza ndizi, makali yakaja taratibu kuelekea kidole gumba, na ganda likavulika zima kama nguo. Harufu ya utomvu ikapanda. Ukungu ukawa wa kijani. Alikuwa chini ya migomba, mdogo, na mikono ya mtu mwingine ilikuwa juu ya mikono yake, ina joto.

Mama Kalume alianza kucheka, akanyamaza katikati.

"Nani alikufundisha?"

"Sijui. Mukono njo unajua."

"Basi weye ni mutoto ya kwetu." Akatazama chini. "Na tena..."

"Sema, Mama."

"Kwetu mutoto mwanaume hafundishwi hii kazi. Mama anafundisha binti yake. Kama Mungu hakumupa binti, basi anafundisha mwanaume, juu ya siku mama atazeeka na mikono itakataa."

"Nilikuwa na dada," Bulaimu akasema.

"Hapana, Baba," alimjibu kwa upole.

Furaha na uchungu vilimfika pamoja, na uchungu ndio uliokuwa mkubwa. Amepata kwao. Dada hakuwahi kuwako. Miaka yote aliyolala usingizi wake, mama alibaki peke yake na kijiji kilichoungua.

"Obokote ni siku ngapi?"

"Kama mto iko muzuri, siku nane, na mbili za kutembea. Kesho kutwa tunarudi."

Bulaimu alikaa chini, akavuta mkungu.

Jua lilikuwa juu Hadidja alipokuja kumtafuta. Alimkuta amemenya mkungu mzima, maganda yamepangwa mazima kando yake, na machozi yanadondokea mikononi. Mama Kalume amekaa karibu, hajamzuia.

"Bulaimu! Ndizi hizi zote ya nani?"

"Ya mama," akasema, naye akachukua nyingine. "Hana muntu mwengine."