Mwonjaji wa Sabuni

Bibi Povu hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na mtaa kwa sababu ya sabuni anazopika uani, na kwa sababu akianza kuongea hana breki.

Asubuhi ile alikuwa ameshakoroga kostiki, yale magadi makali ya kupikia sabuni, na maji kwenye ndoo, akageuka mara moja tu kumjibu jirani yake, fundi cherehani, aliyeulizia bei ya mche wa sabuni. Mara moja tu, jamani! Aliporudisha macho, mjukuu wake alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo, upawa mkononi, mdomo wazi, analia.

Fundi aliruka, akataka kumtia mtoto kidole kooni atapike. Bibi Povu akamdaka mkono. "Hapana, mwenzangu. Kilichomuunguza kikishuka kitamuunguza tena kikipanda."

Akamsukutua kwa maji safi na kumtemesha, akamwosha midomo na vidole, akamvua gauni lililolowa. Majirani wengine walileta maziwa, wengine mafuta, maana siku hiyo kila mtu alikuwa daktari. Bibi akavikataa vyote. Akachukua kopo la kostiki, akampakata mtoto, wakapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama. Njia nzima alimwomba Mungu achukuliwe yeye, mtoto aachwe.

Hospitalini daktari alisoma kopo, akamulika kinywa, akampeleka mtoto ndani kupewa dawa ya usingizi na kupitishwa mpira wenye kamera kooni. Bibi alingoja kwenye benchi. Jibu likaja: ncha ya ulimi imeungua, lakini koo na tumbo ni salama.

Mtoto alipozinduka vizuri, daktari akamuuliza alikuwa akitafuta nini ndooni.

"Nilikuwa naonja," akajibu kwa ulimi uliovimba. "Bibi huwa anaonja."

Kweli tupu. Sabuni ikiganda, bibi huigusa kwa ncha ya ulimi. Ikichoma, kostiki bado kali, inaachwa ikae. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na siku zote alionja mbele ya mjukuu, tena kwa madaha. Daktari alimtazama.

Mtoto akamvuta kitenge, akampa taarifa ya kazi: "Bibi, bado haijaiva."

Bibi Povu akaangua kicheko, kikageuka kilio papo hapo, akapiga magoti kando ya kitanda na kumwomba mjukuu wake msamaha.