Nilivyosingizia Majivu ya Volkano

Jamani, mie mupiga picha wa Goma nimejiaibisha! Kwenye ndoa moja pale Mugunga nilibonyeza kamera, ikakataa. Kioo chake cha nyuma kilishapasuka zamani, hakionyeshi kosa ni nini.

"Ni majivu ya volkano!" nikatangaza kama mutaalamu. Nikapuliza, nikapangusa, nikabadilisha betri. Maharusi walitabasamu hadi mashavu yakawauma.

Baba ya bibi harusi akasogea. "Fotografe, kadi ya picha umeweka?"

Lo, hapo nikakumbuka! Asubuhi, kabla ya kupita kizuizi cha waasi wanaopekua picha za watu, niliichomoa nikaificha. Basi mbele ya wageni wote nikaketi chini, nikavua kiatu, nikavua soksi, nikaitoa.

Bibi harusi akautazama mguu wangu uliojaa uchafu. "Papa fotografe, na hayo pia ni majivu ya volkano?"