Basi Namba Saba Launguruma

Siku ya tano ya mgomo wa madereva, basi namba saba liliunguruma ndani ya yadi. Wagomaji waliokaa langoni wakashtuka.

"Afadhali, miguu imetuchosha!" alisema abiria mmoja aliyekuwa akipita.

"Taratibu! Umetuuza?" mwanamke aliyekuwa kondakta wa basi hilo alipaza sauti kutoka langoni.

Taratibu, aliyekuwa dereva kwa miaka ishirini, alijua jibu baya lingemfarakanisha na wenzake. Alizima injini, akashuka akijifuta mikono.

"Dada yangu, betri ikilala wiki nzima inakufa. Siku wakituongeza mshahara, abiria waje kutusukuma?"

Watu wakaangua kicheko, hata yule abiria. Taratibu akaokota bango lake, akaketi mahali pake.

Dereva wa namba tisa akamsogelea. "Kaka, nisindikize nikawashe langu."