Hodi Tatu na Skrini ya Njano

Duka langu la vifungo, zipu na nyuzi liko Kariakoo, na darasa la kompyuta la binti yangu lilikuwa ghorofa ya juu ya jengo hilohilo. Ndiyo sababu nilimwandikisha. Sikuwa na ndoto yoyote kubwa juu yake. Nilitaka mtoto wa darasa la tano awe mahali ninapoweza kumfikia siku ya Jumamosi, siku ambayo duka halinipi nafasi hata ya kumaliza kikombe cha chai.

Huko juu hawakufundishwa kuandika yale maandishi ya kutisha ninayoyaona kwenye filamu. Walipewa vipande vya rangi kwenye skrini. Unavuta kimoja, unakigandisha chini ya kingine: hiki kinasema "ukisikia sauti", kile kinasema "badilisha rangi", kingine "rudia". Ukivipanga vizuri, kitu kinatokea. Ukikosea, hakitokei, na hakuna wa kumlaumu. Binti yangu alirudi dukani siku ya kwanza akanieleza haya yote huku nikimpimia mteja lastiki, na nikajikuta nimekata fupi.

Wakati huohuo mama yangu, Magomeni, alikuwa anafungasha.

Alikuwa ameamua kuhama nyumba aliyonizalia na kuja kukaa kwangu mjini, ghorofa ya nne, bila lifti. Sababu yake ilikuwa moja na aliirudia kila nikienda: majirani wamemtenga. Mwaka mzima hakuna aliyemtembelea. "Nimewakosea nini?" aliuliza, na mimi nilimkunjia kanga zake ili mikono iwe na kazi. Nilipenda kuwa naye. Lakini nilijua kwangu atakaa dirishani akitazama mabati ya watu mpaka afe, na wazo hilo lilinikosesha raha.

Jumapili moja tulikuwa uani, mimi na yeye, tunachambua mchicha. Binti yangu alikuwa ukumbini karibu na mlango wa mbele, akichezea tableti yangu ya zamani. Nikasikia akiitikia, "Karibu." Jirani wa nyumba ya tatu, mama mtu mzima, akatokea uani amejaa mshangao.

"Shikamoo bibi," binti yangu alisema nyuma yake.

"Marahaba mjukuu wangu. Leo nimeitikiwa," alisema yule mama, akiniangalia mimi. "Kila nikija hapa napiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Nageuza. Nikajua shoga yangu ananinunia."

Mama yangu akaendelea kuchambua mchicha. Hakuwa amesikia neno hata moja. Mpaka jirani alipokaa mkekani mbele yake ndipo aliposhtuka.

Kumbe ndiyo hivyo. Kwetu huingii nyumba ya mtu bila kuitikiwa, na hodi zikitimia tatu unaondoka kwa heshima zako. Mtaa mzima ulikuwa umekuja kwa adabu na kuondoka kwa adabu, na yeye yuko uani anasubiri wageni. Nilicheka, halafu nikaona machozi yananitoka juu ya mchicha.

Kumweleza ikawa kazi nyingine. "Masikio yangu mazima," alisema. "Nyinyi siku hizi mnanong'ona." Hospitali hataki. Nikasema basi majirani wawe wanapita tu moja kwa moja. Akanikata jicho. "Mtu asiingie kwangu kama kuku."

Binti yangu aliyasikia yote hayo. Darasa lao lilikuwa linaingia kwenye hakathoni, yale mashindano ya wanafunzi ya kutengeneza programu kwa siku moja, na kila kundi lilitakiwa kutatua tatizo la nyumbani. Yeye na wenzake wawili, mmoja mtoto wa muuza vyombo wa jumla, mwingine mjukuu wa mzee wa duka la viungo, wakatengeneza skrini inayosikiliza. Sauti ikivuka kipimo fulani, skrini nzima inageuka njano na kuandika MGENI. Niliwapelekea chapati, nikakaa nyuma ya ukumbi wa shule nikijifanya sina wasiwasi.

Mwamuzi mmoja kijana aliwauliza, "Kwa nini mgeni asiendelee kupiga hodi mpaka asikike?"

Binti yangu alimtazama kwa huruma. "Hodi ni tatu. Anayeendelea ni polisi."

Ukumbi ukacheka, lakini ushindi ulikwenda kwa watoto waliotengeneza ramani ya kuonya maji yakijaa bonde la Jangwani, na walistahili. Binti yangu alilia njia nzima. Nilimwambia kazi yake ni nzuri, akaniambia mimi ni mama yake, siwezi kusema vingine.

Jumamosi iliyofuata aliomba ruhusa ya kukosa darasa. Tukaenda Magomeni, akaitundika tableti mwisho wa ukumbi, pale bibi yake anapoiona akiwa uani. Alijua anaongea na nani. Hakutaja masikio. Alimwinamia, akamwambia, "Bibi, hii ni kazi yangu ya shule. Naomba unisaidie kuijaribu. Ikiwa njano, wewe sema karibu."

"Kama ni ya shule, sawa," alisema mama yangu.

Tuliporudi baada ya wiki, uani palikuwa na watu. Jirani wa nyumba ya tatu alikuwepo. Walikuwepo pia muuza nyanya na beseni lake, na mwanamke mmoja aliyekuwa anapita kwenda msibani. Binti yangu akagundua haraka: kipimo cha sauti kilikuwa chini mno. Skrini ilikuwa inageuka njano kwa kila kitu, bodaboda, mwito wa mwenye nyanya, mlango kubamizwa ng'ambo. Na kila ikigeuka, mama yangu anapaza sauti, "Karibu!" Watu barabarani wakikaribishwa, wangefanyaje? Waliingia.

Uso wa mtoto ulimshuka. Akaishusha tableti ukutani. "Bibi, imekosewa. Napandisha kipimo kidogo, iwe inasikia hodi tu."

Mama yangu akamshika mkono, akaichukua tableti, akairudisha mwenyewe kwenye msumari.

"Iache hivyohivyo," alisema. "Mwaka mzima sikuwa na wa kumwambia karibu."

Bodaboda ikapita nje. Skrini ikawa njano, naye akageukia mlango na kuita.