Shikamoo Isiyoitikiwa

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, hasa nikikuona umeinamia simu ukihariri makala yako. Mwalimu Chacha aliingia kwenye steshenari yangu pale Tarime mjini, nikamwamkia shikamoo, akanyamaza. Mwalimu mstaafu, mtu wa watu, asiitikie shikamoo! Nikajua nimeharibu.

Nirudi nyuma kidogo. Wakati ule wa rashi ya dhahabu, wachimbaji walimiminika kutoka kila mkoa, na vilima vyetu vikaanza kubadilika majina. Kilima tulichochungia ndama kikawa kinaitwa Namba Tatu, eti kwa sababu shimo la tatu lilichimbwa pale. Mwalimu aliumia kuona majina ya zamani yanapotea. Akazunguka kwa baiskeli hadi Susuni akiwauliza mabibi na mababu, akaandika kila jina na maana yake daftarini. Alitaka kiwe kijitabu cha watoto wa shule, akaniletea mimi nimchapie.

Nami nilikuwa nimeanza kujitolea kuandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilipomaliza kuchapa, nikanakili yote neno kwa neno, nikayaweka mtandaoni kama makala yangu. Jina la Mwalimu sikuliweka popote. Sikuwa na nia mbaya, mwanangu. Niliona naisaidia Tarime ijulikane. Mhariri mmoja mzoefu wa kamusi hiyo akaniandikia: "Chanzo chako ni kipi? Na maneno haya ni yako?" Nikamjibu kwa jeuri kwamba mimi ni mzaliwa wa huku, yeye anajua nini.

Sasa siku hiyo Mwalimu akaweka kijitabu chake mezani.

"Mkuu wa shule amekikataa, Robi. Anasema nimenakili mtandaoni."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Nisamehe, Tata," nikasema, nikimwita baba kwa Kikurya chetu. "Ni mimi niliyeyaweka."

"Nimezunguka kote kule nikiuliza watu," akasema taratibu, "leo naitwa mwizi wa maneno yangu mwenyewe. Kwani jina langu lilikuwa zito kuliandika?"

Nililia pale pale, mbele ya wateja.

Nikamwandikia yule mhariri, nikakiri, nikaomba ukurasa ufutwe. Kisha nikaongozana na Mwalimu hadi shuleni, nikamwambia mkuu kwamba aliyenakili ni mimi, nikamwonyesha lile daftari la mkono. Kijitabu kikapokelewa. Baadaye nikaandika makala upya, fupi, kwa maneno yangu, na chini kabisa kwenye marejeo nikataja kijitabu na mwandishi wake. Mwalimu akavaa miwani, akaweka kidole juu ya kioo cha kompyuta yangu, akasoma jina lake mara mbili.

"Haya," akasema. "Sasa niamkie."

Nikapiga goti. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu."

Basi mwanangu, ukiandika jambo, sema umelitoa wapi, hata kama unalijua tangu utotoni, ili anayekuja nyuma yako alifuate hadi lilikoanzia. Habari unaweza kuichukua, ila isimulie kwa maneno yako. Maneno ya mtu ni yake hata akiyaacha mezani kwako, na picha vilevile, mpaka mwenyewe akuruhusu. Na mhariri akikuuliza, usimjibu kama nilivyojibu mimi. Mungu akupe mkono mwepesi wa kuandika, na wepesi huohuo wa kuwataja waliokufundisha. Na kila mzee utakayemwamkia, akuitikie.