Ijumaa ya Kwamboka

Silvesta alikuwa mlinzi wa jengo moja la maduka na ofisi kule Al Sadd, Doha, na kazi yenyewe ilikuwa ya kusimama na kunyamaza. Anavuta mlango wa kioo, anatabasamu, anasema "welcome, sir," anauachia mlango, anangoja mwingine. Kumpa kazi ya kunyamaza mtu mwenye kifua kama kile na koo kama lile ni uonevu mtupu, lakini ndiyo kazi iliyopatikana, na familia kule Kakamega ilikuwa inakula. Wiki nzima maneno yalimjaa tumboni. Ijumaa akaenda kuyamwaga yote uwanjani.

Uwanja wenyewe ni kiwanja cha mchanga kule Al Thumama, ndege zikipita chini chini juu ya magoli kiasi cha mtu kusoma maandishi ubavuni. Hapo ndipo inapochezwa Ligi ya Ijumaa, ligi ya Wakenya na Waganda: walinzi, madereva, wapishi wa hoteli, yeyote mwenye ofu na viatu. Timu ya Silvesta ilikuwa Mwangaza, ya watu wa mtaa wa Najma. Hakuwa mchezaji. Alikuwa mpiga ndoo. Ndoo ilikuwa ya rangi ya nyumba, kubwa, aliyoiokota mahali palipokuwa pakijengwa, na Mwangaza walikuwa na sheria yao moja ambayo hata wageni walifundishwa mapema: hakuna anayeanza wimbo kabla ndoo haijalia. Kwa hiyo siku hiyo moja ya wiki, mtu aliyezoea kufungulia wengine mlango alikuwa mtu ambaye wengine walimngoja yeye.

Jinsi alivyoipata kazi hiyo ya ndoo ni hadithi ambayo mwenyewe aliipenda sana, mpaka ilipofika siku akaacha kuisimulia. Ligi ile ina desturi ya kugawana wageni. Kila msimu unapokaribia kuanza, wale waliofika Doha karibuni husimama mstari mmoja uwanjani, na manahodha huwachagua kwa zamu. Timu iliyoshika mkia huchagua kwanza, mabingwa huchagua mwisho, ili timu zenye nguvu zisije zikanyakua kila kijana mwenye miguu. Mwaka alipofika, Silvesta naye alisimama kwenye mstari ule. Akapewa mpira aonyeshe alicho nacho. Akaupiga ukaenda kutua kwenye maegesho ya magari. Wenzake wakachaguliwa mmoja mmoja mpaka wakaisha, yeye akabaki na viatu vya kuazima, ameinama, anajifanya anafunga kamba ambazo zilikuwa zimefungwa vizuri kabisa.

Aliyemwokoa ni Job, kipa wa Mwangaza na nahodha wao enzi hizo. "Wewe mwenye kifua," Job alimwita, "sauti unayo?"

"Ninayo, bro."

"Basi wewe ni wetu."

Tangu hapo wakawa ndugu. Walikaa chumba kimoja Najma, Job kitanda cha chini, Silvesta cha juu, na wimbo wa kwanza ambao ndoo ile ilijifunza ulikuwa wa kumsifu Job, kwamba Job akifunga mlango hata upepo unabisha hodi. Ulikuwa na ubeti mfupi na ubeti mrefu, na ule mrefu Silvesta aliuhifadhi kwa siku kubwa.

Sasa, Mwangaza ya siku hizi si ile tena. Wazuri walirudi nyumbani, wengine wakapangiwa zamu za Ijumaa, waliobaki wakaota vitambi. Msimu uliopita walikuwa wanafungwa hadi wapinzani wanaona haya kushangilia. Ilipobaki mechi moja, walikuwa nafasi ya pili kutoka chini, pointi moja tu juu ya Ziwa, timu ya Waganda, na mechi hiyo moja ilikuwa dhidi ya Ziwa hao hao. Wakitoka sare, Ziwa wanashika mkia. Wakifungwa, mkia ni wao.

Mjadala ulifanyika kwenye mkahawa wa Mhindi pale Najma, juu ya vikombe vya karatasi vya chai ya karak, ile chai nzito ya maziwa inayoacha utamu kwenye meno. Upande mmoja alikuwa Jerusha, muuguzi, shabiki ambaye hakukosa mechi hata akitoka zamu ya usiku. Upande wa pili Silvesta. Katikati Tevin, nahodha mpya, kijana mpole ambaye humuunga mkono yeyote aliyesema mwisho.

"Timu inajengwa upya," Jerusha alisema. "Weka vijana wa benchi, wafanye mazoezi, wafungwe wakijifunza. Hatutashinda leo wala kesho, lakini tutakuwa na timu."

"Vijana gani? Otieno ana kitambi kuliko mimi!" Silvesta alirusha mikono, na meza ikacheka. "Sikilizeni. Kuna msee ameingia kambini juzi, anaitwa Kiprop. Mmeona video? Mguu wa kushoto, manze, anaupeleka mpira kama ameutuma dukani. Mwezi ujao atasimama kwenye mstari. Sisi tukiwa mkia, tunachagua kwanza, Kiprop ni wetu. Tukiwa wa pili kutoka chini, Ziwa wanamchukua, khalas, imeisha. Tunajivunia nini kuwa wa pili kutoka chini? Kuna kombe la hiyo?"

"Kwa hiyo tufungwe makusudi."

"Tufungwe kwa akili."

"Wacha hizo, Silvesta. Watu wanaacha usingizi wao kuja kutushangilia, halafu sisi tunawachezea shere?"

"Mashabiki ndio sisi, Jerusha! Nani tunamdanganya?"

Alikuwa na sauti, na mahali penye kelele mwenye sauti ndiye mwenye hoja. Wakakubaliana. Tevin angezungumza na wachezaji wa ndani. Mashabiki wangekaa kimya, ndoo isilie, ili mtu asije akapandwa na mori akafunga goli. Jerusha akauliza swali moja tu, huku akikunja kikombe chake.

"Na Job nani atamwambia?"

Kila mtu alimjua Job. Hata kwenye mazoezi alijirusha mchangani kudaka mipira ambayo ilikuwa inatoka nje.

"Mimi," Silvesta alisema. "Tunalala chumba kimoja. Niachieni huyo."

Hakumwambia. Hilo ndilo jambo lenyewe, na hakuna namna ya kulizungusha. Jioni ile ile alipanda kitandani, akafungua mdomo, akamkuta Job yuko kwenye simu na mkewe, anacheka. Kwamboka alikuwa hapo hapo Doha, mfanyakazi wa ndani kwa familia moja upande wa pili wa mji, na kumwona kulikuwa kama kuuona mwezi mwandamo. Ijumaa za ofu zilikuja kwa nadra, na zikija zilimezwa na kanisa na kutuma mizigo ya watoto. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona mumewe akidaka mpira.

"Madam wake amemkubalia!" Job alisema alipokata simu. Alikuwa ameshika simu kifuani kama mtu aliyepewa zawadi. "Ijumaa hii anakuja uwanjani. Silvesta, utakaa naye. Asikae juani. Na ndugu yangu, niimbie ule ubeti mrefu."

"Usijali, bro," Silvesta akasema.

Siku zilizofuata Job alifua jezi, akafua glavu, akazianika dirishani, akazigeuza. Silvesta alizitazama kutoka kitanda cha juu na kujipangia maneno. Kisha akajipa sababu. Job ameshazeeka, atafungwa tu hata asipoambiwa. Kumwambia ni kumuumiza bure. Mwacheni mzee acheze mbele ya mkewe kwa roho safi. Ilionekana kama huruma, na yeye mwenyewe karibu aiamini.

Ijumaa ikafika. Kwamboka alikuja na gauni lake la kanisani na chapati kwenye kontena, akakaa karibu na Silvesta kivulini, magoti yamebana, macho yakimtafuta mumewe. Alipomwona golini akampungia mkono wote, kuanzia begani.

"Shemeji, mbona watu wamenyamaza?" aliuliza baada ya muda. "Job huniambia mnapiga kelele mpaka askari wanakuja."

"Ni mkakati, shemeji."

"Ahaa," Kwamboka akasema kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa jambo la kitaalamu.

Na Job, jamani, Job alicheza. Wachezaji wenzake walikuwa wanapisha Ziwa kama wanaopisha gari la wagonjwa, na yeye nyuma yao akaruka kushoto, akaruka kulia, akautoa mpira miguuni mwa mtu, akala mchanga, akainuka. Kila alipodaka alitupa jicho kwa mashabiki. Kila mara alikuta kimya. Akadhani labda hawajaona vizuri, akazidisha. Kwamboka alipiga makofi peke yake, kisha akatazama huku na huku, akapunguza, akapiga polepole. Silvesta alikuwa ameibana ndoo katikati ya magoti.

Mechi ilikuwa inaelekea ukingoni, bado sufuri kwa sufuri, Tevin alipoona hakuna njia nyingine. Akaudaka mpira kwa mikono ndani ya boksi, mchana kweupe. Penalti. Mashabiki wa Mwangaza walishusha pumzi ya nafuu, na Silvesta naye akaishusha. Mpigaji wa Ziwa akaja, akapiga kwa nguvu upande wa kulia chini, na Job akaenda kule kule, mwili mzima, akaupangua ukagonga mwamba ukarudi mikononi mwake.

Kwamboka aliruka. Akapiga vigelegele, vya kwao kabisa, vile vya arusi, vikapanda vikafika mpaka kwenye barabara. Na katikati ya vigelegele vile, kwenye kimya cha watu wote wa Mwangaza, ndipo lile koo la Silvesta lililozoea kusikika likasikika. "Aa, Job! Kwa nini sasa?"

Hakukusudia. Neno lilimtoka kama kikohozi. Lakini lilivuka uwanja, na Job, akiwa bado amelala na mpira kifuani, aliinua kichwa.

Vigelegele vilikatika. Kwamboka alimgeukia Silvesta.

"Shemeji. Amekosea nini?"

Silvesta angetoa mshahara wa mwezi mzima ndege ipite wakati ule. Haikupita.

"Tulitaka tufungwe, shemeji," alisema, macho kwenye ndoo. "Kuna mchezaji... tukiwa wa mwisho tunampata. Ni mambo ya ligi."

"Na Job anajua?"

Jerusha, aliyekuwa nyuma yao, alikohoa akatazama pembeni, na Kwamboka akalipata jibu lake hapo. Hakugomba. Alilivuta gauni lake magotini, akaketi, akawa anautazama uwanja. Silvesta aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, moto, mpaka masikio yakawaka. Aliwahi kutukanwa na tajiri kwa kuchelewa kufungua mlango, aliwahi kusukumwa mbele ya wateja, na hajawahi kujiona mdogo namna ile.

Filimbi ya mwisho ilipulizwa, sare. Job akaja mbio kwa mashabiki kama ilivyokuwa desturi yake tangu enzi za unahodha, mchanga nywele nzima, akasimama mbele yao, akainua mikono yenye glavu. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Ndoo inalia, wimbo unaanza. Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa linauliza.

Watu wote walimtazama Silvesta. Sheria ni sheria. Na Silvesta hakuweza kuinua mikono. Ilikaa juu ya ile ndoo kama ya mtu mwingine.

Kwamboka aliinuka. Akaichukua ndoo kutoka magotini pa Silvesta, kwa upole tu, kama mama anayemwondolea mtoto sahani, akaipiga. Aliipiga vibaya, bila mwendo wowote, kwa viganja vya mtu asiyewahi kupiga ndoo. Wimbo wenyewe hakuujua. Jerusha akauanzisha, kisha wengine wakaupokea, na ubeti mrefu ukaimbwa wote mbele ya Job. Silvesta, aliyeutunga, alikaa chini na mdomo umefungwa.

Ziwa wakamchukua Kiprop msimu ulipoanza. Ni mzuri, kweli, lakini hilo halimnyimi Silvesta usingizi.

Kinachomnyima ni jioni ile ile. Job alimsindikiza mkewe kituo cha basi, maana madam alimtaka arudi kabla ya magharibi, kisha akarudi chumbani Najma. Silvesta alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha Job, amejiandaa kutukanwa. Alikuwa anayatamani hayo matusi. Job akavua viatu, akakung'uta mchanga, akamwekea kontena mapajani. Ndani zilibaki chapati mbili.

"Kwamboka amesema ule. Amesema umeshinda na njaa ukikaa naye kivulini."

"Job, bro, mimi..."

"Ungeniambia tu." Job alikuwa anazianika glavu dirishani, amempa mgongo. "Timu ni ya watu. Mngetaka nifungwe, ningefungwa, mimi ni nani nikatae? Lakini ningemwambia asije leo. Ningemwambia aje Ijumaa nyingine."

Aligeuza glavu moja, akaigeuza na ya pili, na Silvesta akabaki na kontena mapajani, kwa kuwa wote wawili walijua Kwamboka hakuwa na Ijumaa nyingine.