Matembezi ya Mwalimu Bwanaheri

Wenzangu, vita vya Maji Maji vina mashujaa wake, na wako wanaojua kuwasimulia. Mimi nina habari za mtu mmoja mnene wa Mchukwi aliyetaka kutembea tu.

Jina lake Bwanaheri, mwalimu wa chuo. Kutwa alikaa mkekani akiwasikiliza watoto wakisoma Kurani, na jioni akaitwa kwenye shughuli. Ikiwa khitma, maulidi, au mtoto ananyolewa nywele, pasipo yeye dua haikusomwa, na dua ikiisha sinia la wali lilitangulizwa kwake, kidari cha kuku juu. Kukataa chakula ni kumvunjia mwenyeji heshima. Basi mwalimu hakumvunjia mtu heshima hata siku moja.

Watu waliuona unene ule ni baraka ya kijiji kizima. Mkewe, Mwanawetu, alijivunia pia, ila yeye aliona na yaliyo ndani: miguu iliyovimba, pumzi iliyokatika usingizini. Kisha Ijumaa moja mwalimu akasujudu asiinuke. Mussa, rafiki yake wa tangu utoto, akamnyanyua kwa makwapa mbele ya msikiti mzima. Mwalimu aliona haya, akakaa siku kadhaa bila kutoka.

Wakamwita Mwanamina, mganga wa Mahege. Akambonyeza miguu kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale alipobonyeza. Mwalimu akauliza dawa ya kunywa.

"Ninayo," akasema Mwanamina, "lakini wewe, mwalimu, umekwisha kunywa na kula vya kutosha. Kila siku ukisha kusali Alfajiri, tembea mpaka jasho likutoke shingoni, ndipo urudi. Kesho yake uongeze kidogo. Na sinia likija mbele yako, ule nusu."

Siku ya kwanza alifika kisimani, akarudi miguu inatetemeka. Baadaye akafika kwenye shamba la pamba ambalo Wadachi waliwalimisha watu kwa nguvu. Mpunga ulipokwisha kuvunwa, alikuwa akifika hata kwenye dungu la jirani yake Kibwana, kile kibanda cha juu cha kulindia ndege, na kurudi bila kupumzika. Msikitini akawa anainuka mwenyewe. Mwanawetu alimchungulia dirishani akiondoka, na moyo wake ukatulia.

Shida ilikuwa njiani. Kwetu mtu hapishani na mwenzake kimya. Lazima aulizwe anakwenda wapi. Mwalimu alijibu kwamba haendi mahali, ananyoosha miguu. Walicheka kwanza, kisha wakaanza kunong'ona. Mtu mzima atoke kila siku mikono mitupu, hana jembe, hana mzigo, afike mahali kisha ageuke? Wanawake kisimani wakamwuliza Mwanawetu kama amemfukuza mumewe. Aibu ikamshika. Akatafuta kitu ambacho mume wake angeonekana nacho mkononi, naye akamjazia kibuyu cha maji, angalau anywe njiani.

Sasa tazameni bahati. Mwezi ule ule habari zikashuka kutoka milima ya Umatumbi: watu wamekunywa na kupakwa maji ya dawa, wameng'oa pamba, na risasi za Wadachi, wanasema, zitageuka maji. Na wapeleka dawa, kila mtu alijua, hutembea na vibuyu.

Asubuhi moja Kibwana alimngoja penye dungu lake. Akamwamkia, kisha akasogea karibu.

"Mwalimu, unanipita kila siku. Nipake na mimi."

Mwalimu akafungua kibuyu, akanywa, akajimwagia mengine kichwani ili jirani aone ni maji ya kisimani. Kibwana akatikisa kichwa, akatabasamu.

"Naam, mwalimu. Maji tu. Nimeelewa, simwambii mtu."

Haukupita muda, Mussa akaja nyumbani na uso uliokunjamana. Kwa akida, yule mtawala aliyewekwa na Wadachi, kumeulizwa habari za mwalimu anayetoka na kibuyu kila alfajiri.

Mwanawetu akalia. Mwalimu akasema ataacha kibuyu, atakwenda mikono mitupu kama zamani.

"Majirani wakiona huna kitu watasema unawahesabia Wadachi nyumba zetu," akasema mkewe. "Baba Mwajabu, nakuomba. Kaa mpaka vita viishe."

 Mwalimu akavua viatu vyake vya ngozi, akaketi mkekani.

Alikaa miezi. Watu wenye hofu husoma dua nyingi, na dua zote zilikuja na masinia yake, na hapakuwa tena na mtu wa kumkumbusha habari ya nusu. Mwanawetu mwenyewe alimpakulia. Aliona pete ikimbana kidoleni, akanyamaza. Alijiambia, ni heri mume mnene kuliko mume aliyetundikwa.

Kisha kukavuma kwamba askari wanakuja. Kijiji kikajitwika vyungu na watoto, kikaelekea delta ya Rufiji, kutafuta mitumbwi ya kwenda Kiongoroni na kujificha mikokoni. Mwalimu alijitahidi mpaka shamba la pamba. Hapo akakaa chini, mdomo wazi, akimwonyesha mkewe kwa mkono aende na wajukuu. Mwanawetu aliwakabidhi wajukuu kwa binti yake Mwajabu, akarudi kukaa naye kwenye majani. Wakangoja pamoja kufa.

Askari hawakuja. Walipitia njia nyingine. Lakini mwalimu, alipojaribu kuinuka ili warudi nyumbani, akaanguka kwa ubavu, na tangu hapo mguu wa kulia na mkono wa kulia havikumsikia tena.

Ikafuata njaa, ile ya baada ya vita, watu wakila mizizi ya porini. Masinia yakakoma. Mwili wa mwalimu ukapungua wenyewe, mwezi hata mwezi, mpaka kanzu ikamning'inia na Mwanawetu akaweza kumbeba peke yake kumtoa uani. Wepesi ule alioufuata njiani kila alfajiri aliupata akiwa hawezi tena hata kufika mlangoni.

Siku moja, akimnawisha miguu, Mwanawetu akashindwa kujizuia. Akamwambia, mimi ndiye niliyekukalisha, nisamehe.

Mwalimu alisema kwa shida, mdomo umekwenda upande.

"Usijibebeshe yote, bibi. Siku ile uliponiambia nikae, nilifurahi. Miguu ilikuwa ikiniuma, nami nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia basi."

 Mwanawetu aliendelea kumnawisha, na miaka mingi baada ya kumzika alikuwa akiwaambia wanawe kwamba hakujua kama maneno yale yalimpunguzia mzigo au yalimwongezea.